Omba tatizo la mbinu, si matokeo makuu

Ukiwa msaidizi wa utafiti huku ukisoma shahada ya uzamili, iwe katika chuo kikuu cha Makerere, Mbarara au Gulu nchini Uganda, usimwombe mtafiti mkuu matokeo makuu ya mradi ili uyawasilishe kwenye kongamano. Mwombe ruhusa ya kuwasilisha tatizo moja la mbinu za utafiti ulilolishughulikia mwenyewe, kwa mfano jinsi swali la dodoso lilivyobadilika maana lilipotafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiganda au Kiacholi, na mkubaliane mapema majina ya waandishi yatafuatana vipi. Mtafiti mkuu hutaka kuyachapisha matokeo makuu kwanza, ilhali mambo ya uwandani, ambayo wewe ndiye uliyeyaona (yeye mara nyingi yuko ofisini akihangaikia bajeti), hayagombaniwi na mtu. Mimi nilipata ruhusa kwa barua pepe ya mistari minne, baada ya kunyimwa takwimu mara mbili. Njia hii hushindwa ikiwa hukuweka daftari la kila siku, na pia pale unapotaka kunukuu maneno ya wahojiwa ilhali fomu ya ridhaa waliyotia saini na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti havikuruhusu matumizi hayo. Hapo omba kwanza marekebisho ya kibali, hata kama kongamano litakupita.