Figo mpya ikilala: namna ya kuzipitisha siku za kungoja

Siku ya tatu baada ya kupandikizwa figo ya kaka yangu, nilirudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kaka, kidonda chake bado kibichi, alijikongoja hadi kitandani kwangu akauliza, "Kwani nimekupa mbovu?"

Haikuwa mbovu, ilikuwa imelala. Figo ikishatolewa huoshwa kwa maji maalumu ya baridi na kuwekwa kwenye barafu mpaka iunganishwe. Muda wote huo haipati damu, na damu inaporudi kwa ghafla nayo huijeruhi mirija midogo inayotengeneza mkojo. Mirija hiyo hujijenga upya kwa siku kadhaa, pengine wiki. Ukihitaji kusafishwa damu ndani ya wiki ya kwanza, madaktari huhesabu kwamba figo imechelewa kuanza kazi. Kwa figo za marehemu, zinazokaa barafuni saa nyingi, jambo hili ni la kawaida. Kwa za ndugu walio hai, ambazo ndizo tunazopewa Tanzania tangu huduma ianze nchini mwaka 2017, hutokea mara chache. Mimi nikaangukia kwenye hao wachache.

Kwanza uliza: mmehakikisha ni usingizi? Mkojo unaweza kukosekana kwa sababu mpira wa mkojo umeziba, damu imeganda kwenye mshipa wa figo, au mwili unaikataa. Nilipigwa altrasaundi ya kuangalia damu inavyopita, na siku zilipozidi wakachukua kinyama cha figo kwa sindano ili kikapimwe. Sindano yenyewe si kitu. Kazi ni kulala chali saa kadhaa bila kujigeuza.

Halafu fungua daftari. Mimi ni fundi cherehani, kupima ndiyo riziki yangu, kwa hiyo hapa nilikuwa nyumbani. Nilichora safu tatu: nilichokunywa, nilichokojoa, uzito wa asubuhi kwa gauni lilelile. Kilo moja iliyoongezeka usiku kucha ni kama lita moja ya maji iliyobaki mwilini. Andika pia ulikuwa ukikojoa kiasi gani kabla ya upasuaji. Figo zangu za zamani zilikuwa bado zinatoa mililita 300 kwa siku, ndiyo maana mfuko uliposoma 250 wifi akashangilia, nami nikanyamaza.

Wageni watakuambia unywe maji mengi "uiamshe". Usithubutu. Maji yasiyo na pa kutokea huishia kwenye mapafu. Kunywa kiasi ulichopangiwa, kwa kikombe kimoja unachokijua ujazo wake. Shangazi alikuja na madafu manne kutoka Mbagala. Nilimshukuru, wakayanywa walinzi. Dafu, ndizi, parachichi na machungwa vina potasiamu nyingi, na figo iliyolala haiitoi, ikapanda mpaka kuyumbisha mapigo ya moyo.

Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo usiziruke hata kama huoni mkojo, maana figo iliyolala hukataliwa kwa urahisi zaidi. Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, damu itolewe kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Mimi nilimeza kwanza, kipimo kikarudiwa kesho yake. Maumivu yakizidi mwambie nesi. Diklofenaki na ibuprofeni si zako tena, wala mizizi ya jirani.

Ukiwa kwenye mashine na ukahisi kizunguzungu, sema hapohapo. Presha ikishuka sana figo changa hukosa damu mara ya pili. Na usidanganyike na kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi, baada ya kusafishwa, kwani hiyo imeshushwa na mashine. Angalia majibu ya siku ambayo hukusafishwa: kwanza huacha kupanda, kisha hushuka yenyewe. Mkojo hutangulia, kreatinini hufuata.

Simu nazo zilinichosha. Badala ya "umeamkaje" watu waliuliza "umekojoa?" Nikamteua mdogo wangu awe msemaji, atoe habari mara moja, saa 12 jioni. Kaka peke yake nilimpa namba mwenyewe kila asubuhi, hata zilipokuwa mbaya, kwa sababu kimya changu alikisoma kama lawama.

Siku ya 12, kabla ya saa nne asubuhi, jagi lilifika mstari wa 900. Nikampigia nikamwambia, "Mia tisa." Akauliza ni mililita au namdai.