Tanki la Mafuta la Kubebeka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Kabla ya Kuondoka

Mashine ndogo ya kupachika nyuma ya boti ikizima dakika chache baada ya boti kuondoka, wengi hukimbilia plagi na kabureta. Mimi huomba watu waanze na tanki. Mafuta yanaweza kuwa tele, masafi na ya aina sahihi, na bado mashine ikafa kwa sababu tanki halipati hewa. Tanki hilohilo likiachwa juani huku limezibwa, hufanya kinyume chake: husukuma petroli hadi mahali ambapo haikutakiwa kufika. Kwa hiyo, kati ya yote ya kuangalia kabla ya kununua, swali la kwanza liwe hili: hewa inaingia vipi, na shinikizo linatoka vipi?

Tuanze na hewa inayoingia. Pampu ya mafuta kwenye mashine hizi ni ndogo, nayo huvuta petroli kidogo kidogo kutoka tankini kupitia bomba la mpira. Kila lita inayotoka, nafasi yake sharti ichukuliwe na hewa. Hewa isipopata njia, tanki hubaki linavuta kuelekea ndani, na pampu, ambayo nguvu yake si kubwa, hushindwa kushindana nalo. Kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja tu hufanya hivyohivyo: maziwa yamo, lakini hayatoki. Kinachowapoteza watu ni kwamba mashine huwaka vizuri kabisa mwanzoni. Kabureta ina akiba yake ndogo, na hewa iliyomo juu ya mafuta tankini hukubali kutanuka kidogo kabla ya kugoma. Boti huwaka gatini, hutoka, kisha huzimika ikiwa tayari imeshafika penye mkondo au upepo. Kuiwasha kwa dakika moja ukiwa umefungwa gatini hakuthibitishi lolote kuhusu tundu la hewa. Iache ifanye kazi kwa dakika kumi hivi, sehemu ya muda huo ikiwa kwenye gia, kabla hujauacha ufukwe.

Dalili ya tanki lililokosa hewa ni rahisi kuisoma. Shika pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta. Ukiikuta imebonyea na hairudi kwenye umbo lake, kuna kizuizi upande wa tanki. Legeza kifuniko taratibu. Ukisikia hewa ikifyonzwa kuingia ndani, na mashine ikawaka baada ya kuipigia mafuta mara chache, umeshapata jibu, wala kabureta haina kosa. Pampu ikiwa ngumu na mashine bado haiwaki, basi mafuta yamefika, na kizuizi kitafutwe mbele: kwenye filta, kwenye kiungio cha mashine au kwenye kabureta yenyewe.

Sasa aina za vifuniko, maana hapa ndipo watu wenye uzoefu wa miaka mingi nao hukwama wanapobadilisha tanki. Vifuniko vya zamani, ambavyo bado viko kwenye matanki mengi, vina skrubu ndogo juu. Unaifungua mashine inapofanya kazi, unaifunga unaposafirisha au kuhifadhi tanki. Ni njia iliyo wazi, na kasoro yake ni moja tu: inategemea kumbukumbu ya mtu. Ukisahau kuifungua, mashine inakufa. Ukisahau kuifunga, mvuke unatoka usiku kucha, na mvua au maji ya mawimbi yanaingia.

Vifuniko vipya vingi havina skrubu. Nchini Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kanuni za EPA, shirika la serikali linalosimamia mazingira, zinataka matanki mapya ya kubebeka ya boti yajizibe yenyewe ili mvuke wa petroli usichafue hewa. Vali ya ndani huruhusu hewa kuingia mashine inapovuta, lakini haitoi mvuke mpaka shinikizo lipite kilopaskali 34.5, yaani psi 5 (pauni tano kwa inchi ya mraba). Watengenezaji huuza matanki ya namna hii katika nchi nyingi nyingine pia. Kwa mazingira ni jambo jema. Kwa nahodha wa boti ndogo, lakini, linabadilisha tabia ya tanki zima, na anayelinunua bila kuelezwa atashangaa kulikuta limevimba kama linataka kupasuka.

Kuvimba kwenyewe si hitilafu. Tanki limetengenezwa kustahimili hali hiyo. Hatari iko kwenye mpira uliounganishwa na mashine. Jua likipiga, mvuke hujibana juu ya mafuta na kuyasukuma kwenye mpira hata kama mashine imezimwa. Sindano ya kabureta, ile inayofunga mafuta yakishatosha, haikukusudiwa kuzuia shinikizo kubwa namna hiyo. Petroli hupita, hujaza kabureta, hufurika ndani ya kifuniko cha mashine, na pengine hudondoka majini au ndani ya boti. Mtu atakayekuja kuvuta kamba ya kuwashia hapo anawasha juu ya petroli iliyomwagika.

Hivyo, kwa tanki la kujiziba, jenga mazoea haya. Mashine ikizimwa kwa zaidi ya muda mfupi, chomoa mpira upande wa mashine. Kabla ya kuuchomeka tena, fungua kifuniko polepole, uso ukiwa mbali na mdomo wa tanki, mpaka shinikizo liishe, kisha kaza na uunganishe. Fanya hivyo mbali na moto, sigara na cheche. Tanki likae kivulini. Hata kitambaa chenye maji kilichotandazwa juu yake kinasaidia siku ya joto kali. Zipo pia vali ndogo zinazofungwa kwenye mpira karibu na tanki, ambazo hupitisha mafuta pale tu mashine inapovuta na kuyazuia yanaposukumwa na shinikizo. Kwa anayeacha tanki juani kila siku, ningeipa vali hiyo nafasi mbele ya mapambo mengine yote ya boti.

Kuna njia ya mkato inayojulikana sana: kutoboa kifuniko kwa msumari ili tanki lipumue. Naikataa bila kusita. Tundu hilo halifungiki. Litatoa mvuke garini, litatoa mvuke ndani ya boti, na siku tanki likilala ubavu litamwaga mafuta. Kadhalika dumu la maji au la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa ajili ya mpira. Plastiki yake haikutengenezwa kwa petroli, mpira hauna pa kushikwa, na hakuna kichujio mwishoni mwa bomba la kunyonyea.

Ukishajua namna tanki linavyopumua, ukubwa ni hesabu. Matanki ya kubebeka hupatikana zaidi katika lita 12 na lita 25 hivi. Kwa makadirio, mashine ya mipigo minne ikiendeshwa kwa kasi ya mwisho hula karibu lita 0.4 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja, kwa hiyo ya farasi 15 hula takriban lita 6 kwa saa. Ya mipigo miwili yenye kabureta hula zaidi. Gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, moja lisiguswe. Kwa tanki la lita 25 na mashine hiyo ya farasi 15, fungu la kwendea halizidi saa moja na dakika ishirini hivi kwa kasi ya mwisho, na ni vizuri mtu alijue hilo kabla hajachagua pa kwenda.

Usisahau uzito. Petroli ina kama kilo 0.74 kwa lita, hivyo lita 25 ni zaidi ya kilo 18 kabla ya kuhesabu tanki lenyewe. Kumnyanyulia mtu mzigo huo kutoka gatini hadi kwenye boti inayoyumba ni kazi. Mimi napendelea matanki mawili ya lita 12 kuliko moja la 25. Yanabebeka, unaweza kuyapanga ili boti isilalie upande mmoja, na zaidi ya yote, maji au uchafu ukiingia kwenye moja, la pili linakurudisha nyumbani. Nunua yote mawili yenye kiungio cha aina moja.

Viungio havifanani. Yamaha, Mercury, Suzuki, Honda na Tohatsu hazitumii kichwa kimoja, hivyo nenda dukani na mpira wako au na picha ya kiungio cha mashine. Mpira uwe wa petroli ya boti, wenye kipenyo cha ndani ambacho kitabu cha mashine kinataja. Mwembamba mno huinyima mashine mafuta kwenye kasi kubwa. Mshale ulio kwenye pampu ya mkono uelekee mashine, na unapoipiga ishike wima, mshale ukitazama juu, ili vali zake zifunge vizuri. Chunguza pete ndogo za mpira ndani ya viungio. Zikikatika, mashine hunyonya hewa pamoja na mafuta, sauti yake hupanda na kushuka, na pampu ya mkono haiwi ngumu hata uipige vipi. Beba pete za akiba.

Kuhusu malighafi sina mengi. Plastiki nene iliyokusudiwa petroli haipati kutu na ndiyo inayofaa kwa maji ya chumvi. Tanki la chuma hustahimili kukwaruzwa, ila kutu ikianzia ndani, chembe zake huishia kwenye filta na kabureta. Angalia kama kuna alama ya mtengenezaji inayosema ni kwa petroli ya boti, na kama geji ya boya, inayoonyesha kiasi cha mafuta, inasogea ukiliinamisha tanki.

Wakati wa kujaza, litoe tanki botini uliweke chini, ardhini au juu ya gati. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne; haupandi ukapotea, hushuka hadi ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kukaa humo. Hewa ikiwa na mvuke huo kiasi cha asilimia 1.4 tu, cheche inatosha kuulipua. Usijaze tanki likiwa juu ya zulia la gari au plastiki ya kitanda cha pikapu, kwa sababu umeme tuli hujikusanya na hauna njia ya kushukia ardhini. Mdomo wa bomba la kujazia uguse shingo ya tanki muda wote. Acha nafasi juu: petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi joto 10 za Selsiasi, maana yake lita 25 zilizotiwa asubuhi ya baridi zitaongezeka karibu nusu lita joto likipanda nyuzi 20. Futa kilichomwagika kabla tanki halijarudi botini.

Kama mashine ni ya mipigo miwili inayochanganywa oili, pima, usikisie. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 10 za petroli zinataka mililita 200 za oili. Andika juu ya tanki kwa rangi isiyofutika kwamba lina mchanganyiko, maana tanki lenye oili na lisilo na oili kwa nje hayatofautiani.

Ndani ya boti, tanki likae mahali pa wazi, si kwenye sanduku lililofungwa lisilo na matundu ya chini ya kutolea mvuke nje. Liwe mbali na betri. Lifungwe kwa mkanda ili lisiteleze wimbi likipiga, na chini yake pawe na kitu laini, kwani mchanga na mitikisiko huisaga plastiki mpaka ikatoboka bila mtu kuona. Mpira usipite mahali pa kukanyagwa au kubanwa mashine inapogeuzwa. Kizima moto kinachofaa kwa mafuta kiwe mkono unapofika, na si nyuma ya tanki lenyewe: tanki likiwaka moto, hutaweza kupitisha mkono hapo.

Kabla ya kuwasha, inama unuse. Pua hugundua petroli mapema kuliko jicho. Kama kuna harufu, usiwashe. Tafuta inapotoka, kumba maji ya ngamani, acha upepo upite. Kisha angalia skrubu ya hewa kama ipo, toa shinikizo kama tanki ni la kujiziba, unganisha mpira usikie kiungio kikibana, piga pampu mpaka iwe ngumu, na utazame viungo vyote kwa nusu dakika kama vinavuja petroli.

Tanki lisilotumika kwa wiki nyingi lisiachwe na petroli kidogo chini. Hewa iliyo juu yake huleta unyevu, na petroli yenye ethanoli hufyonza maji hayo mpaka mchanganyiko unajitenga, maji na ethanoli vikabaki chini, palepale bomba la kunyonyea lilipo. Filta inayotenganisha maji husaidia, lakini haitengenezi mafuta yaliyokwisha kuharibika. Plastiki nayo huchoka kwa jua: ikipauka, ikiwa na nyufa ndogo karibu na shingo au kwenye mshono, muda wake umekwisha. Haizibwi kwa gundi. Na tanki la namna hiyo lisigeuzwe chombo cha maji ya kunywa, hata lioshwe mara ngapi, kwa sababu plastiki yake imeshafyonza petroli.