Somo: Tochi ndogo ya gesi kwa kazi za karakana

Tochi hii inatosha kulehemu bomba jembamba la shaba, kupasha nondo nyembamba ikawa nyekundu ukaikunja, au kulainisha waya wa fedha. Ila kabla hujanunua hata nati, shika mpaka huu: tunachotengeneza wenyewe ni sehemu iliyo mbele ya tundu la gesi, pale gesi inapokutana na hewa. Nyuma ya tundu, ukiacha kiungo kidogo atakachokikata nyuzi mkerezaji, kila kitu kinanunuliwa kipya, kilichotengenezwa kwa gesi ya mtungi ya kupikia: regulata ya presha ya juu, mpira, vali na klampu. Mpira wa maji usiutie hapo hata kwa kujaribu.

Vifaa vya kutengeneza ni vichache. Bomba jeusi la chuma la nusu inchi, sentimita 18, lenye nyuzi upande mmoja, na kifuniko chake. Kipande cha bomba la robo tatu inchi, sentimita 6. Nipo (kiungo kifupi chenye nyuzi pande zote mbili) ya shaba njano ya moja kwa nane inchi, yenye ukuta mnene. Na ncha ya shaba ya mashine ya MIG (ya kulehemu kwa waya) yenye tundu la milimita 0.6, ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya kulehemu. Bomba la mabati la maji liache. Zinki yake huchemka kwenye joto la nyuzi 907 za Selsiasi, na moshi wake humpa mtu homa na kifua kubana usiku.

Hatua ya 1. Karibu na upande wenye nyuzi, kata matundu matatu marefu ya kuingizia hewa, kila moja milimita 30 kwa 10, yaliyoachana sawa. Piga tupa hadi ndani pawe laini.

Hatua ya 2. Hapa usiharakishe. Mpelekee mkerezaji kifuniko akitoboe katikati hasa na kukata nyuzi za nipo, kisha ndani ya nipo akate nyuzi za M6 (za milimita 6) za kushika ile ncha. Gesi ikitoka kwa kasi kwenye tundu dogo ndiyo inayovuta hewa. Tundu likielekea pembeni, gesi inagonga ukuta wa bomba, hewa haivutwi vya kutosha na moto unakuwa wa njano wenye masizi. Mdomo wa ncha ufike karibu na mwisho wa matundu ya hewa, usiyapite.

Hatua ya 3. Vika kipande cha robo tatu upande wa mbele, kitokeze sentimita 2 na nusu. Kikikataa, kipige tupa. Ngazi hiyo kati ya bomba jembamba na pana ndiyo inayoushika moto usiruke.

Hatua ya 4. Unganisha vali, mpira na regulata. Vali ya tochi ikiwa imezimwa, fungua mtungi na upake povu zito la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likivimba, funga mtungi, kaza, rudia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kukaa mashimoni, kwa hiyo fanya kazi mlango wazi, mtungi umesimama wima mita 2 au zaidi kutoka kwenye moto.

Hatua ya 5. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi kidogo kidogo. Unataka moto wa buluu wenye koni ndani. Ukisikia mlio wa kunguruma ndani ya bomba, moto umerudi kwenye ncha: funga vali papo hapo, ngoja bomba lipoe, anza tena kwa presha ya juu kidogo.

MASWALI

Kutoka Likoni: Fundi, regulata ya jiko la nyumbani haifai?
Haifai, ndugu yangu. Inatoa kama milibaa 30 tu, haina nguvu ya kuvuta hewa. Na usiifungue kuiongeza.

Kutoka Mji wa Kale: Shikamoo fundi. Nafanyia kazi barazani, na kusi ikivuma moto unazimika.
Marahaba, mwanangu. Jenga kizuizi cha matofali ya udongo pande tatu, kitakuongezea na joto. Usikae ukiulinda moto kwa mkono. Moto ukizimika funga vali kwanza, subiri gesi itawanyike, ndipo uwashe.

Kutoka Changamwe: Mtungi wangu wa kilo 6 unatoa jasho na moto unapungua. Niuweke kwenye maji moto?
Hapana, kaka, mtungi haupashwi kwa lolote. Gesi iliyo majimaji ndani ya mtungi ikigeuka mvuke inachukua joto la mtungi, ndiyo maana unapoa. Pumzika kidogo, au tumia wa kilo 13.

Kutoka Kisauni: Nikiongeza oksijeni nitakata chuma?
Kwa tochi hii, kamwe. Oksijeni inataka tochi yake ya kiwandani na vali za kuzuia moto kurudi. Ya kukata chuma nunua.