Namna ya Kuchagua Kadi ya Sauti Inayolingana na Spika Zako za Mzunguko

Wanunuzi wengi wa kadi za sauti husoma namba zilizochapwa kwenye boksi, wakalipa, na wakifika nyumbani ndipo wanapogundua kwamba spika zao za mzunguko (surround, yaani zinazomzunguka msikilizaji) hazina mahali pa kupokelea kile ambacho kadi inatoa. Nami niliwahi kuingia mtego huo, na nitaueleza mbele kidogo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye spika, na kadi inafuata baadaye.

Hatua ya 1: Kagua matundu ya kuingizia sauti

Kwenye seti nyingi za kompyuta, waya zote hukutana nyuma ya sabufa, kwa kuwa amplifaya imefichwa humo ndani. Kwenye seti za sebuleni hukutana nyuma ya risiva, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuzipa spika nguvu. Geuza kifaa hicho, washa tochi, na uandike unachokiona. Seti ya 5.1 ina spika tano na sabufa moja, yaani chaneli sita (mikondo sita tofauti ya sauti), ya 7.1 ina chaneli nane. Kama ni seti ya analojia, kila tundu la milimita 3.5 hubeba chaneli mbili tu, kwa hiyo chaneli sita zinahitaji matundu matatu, na nane zinahitaji manne. Unaweza pia kukuta matundu ya kidijitali: la optiki (sauti hupita kwa mwanga), la koaksia (hupita kwa waya), au HDMI.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi. Zipo seti zenye spika sita kamili lakini zenye tundu moja tu la kuingizia sauti, au jozi moja ya RCA nyekundu na nyeupe. Seti kama hiyo hupokea chaneli mbili, kisha amplifaya huzisambaza kwa spika zote. Hakuna kadi itakayokupa mzunguko wa kweli hapo, hivyo ni afadhali fedha yako ibaki mfukoni mpaka utakapobadilisha spika.

Hatua ya 2: Ikiwa spika ni za analojia, linganisha rangi

Kwa kawaida tundu la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la spika za nyuma, la rangi ya machungwa ni la spika ya kati pamoja na sabufa, na la kijivu ni la spika za pembeni kwenye 7.1. La waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine.

Kabla ya kununua chochote, tazama nyuma ya kompyuta yako ya mezani. Ubao mama wenye matundu matatu tu huonekana kama hauwezi kazi hii, lakini mara nyingi draiva yake (programu inayoiendesha sauti hiyo) huruhusu tundu la buluu na la waridi kugeuzwa kuwa ya kutolea sauti, nawe ukapata chaneli sita bila kununua kadi, ingawa utapoteza tundu la maikrofoni la nyuma. Nimewahi kumrudisha nyumbani mtu aliyekuwa njiani kwenda dukani kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 3: Ikiwa spika zinapokea sauti kwa optiki au koaksia, soma kwa makini

Hapa ndipo niliponaswa. Nilinunua kadi yenye tundu la optiki, nikaiunganisha na risiva ya 5.1, nikaweka filamu, na spika zote zikaitika. Siku iliyofuata nilifungua mchezo wa kompyuta, na spika za mbele peke yake ndizo zilizosikika. Nilibadilisha kebo na kusakinisha draiva upya jioni mbili mfululizo, huku kadi yenyewe ikiwa haina kosa lolote.

Sababu ni hii: njia ya S/PDIF, iwe kwa mwanga au kwa waya wa koaksia, hubeba chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa. Chaneli mbili za biti 16 zenye sampuli 48,000 kwa sekunde ni takriban megabiti 1.5 kwa sekunde. Chaneli sita za aina hiyo ni megabiti 4.6, na njia hiyo haikuundiwa mzigo huo. Sauti ya filamu hupita kwa kuwa tayari imebanwa kwa Dolby Digital au DTS, na risiva ndiyo inayoifungua. Mchezo, kwa upande wake, hutengeneza sauti papo hapo bila kuibana, hivyo chaneli nyingine huachwa njiani.

Dawa yake ni kadi inayoweza kubana sauti yoyote wakati huohuo inapotolewa. Tafuta maneno Dolby Digital Live au DTS Connect kwenye maelezo ya kadi. Maneno Dolby Digital peke yake hayatoshi, kwani huenda yanamaanisha tu kwamba kadi hupitisha sauti iliyokwisha kubanwa. Faida mojawapo ya optiki ni kwamba haina shaba, hivyo mngurumo wa umeme hauvuki kutoka kwenye kompyuta kupitia kebo hiyo.

Hatua ya 4: Ikiwa risiva ina HDMI

Usinunue kadi ya sauti. Kadi ya michoro yenye HDMI kwa kawaida hutoa pia sauti, na HDMI hubeba chaneli nane zisizobanwa bila shida.

Hatua ya 5: Amua kadi itakaa wapi

Kwa kompyuta ya mezani, kadi za sasa huingia kwenye nafasi ya PCI Express. Kadi kuukuu za PCI hazitaingia humo, kwa hiyo fungua boksi la kompyuta utazame kabla ya kununua. Kwa kompyuta mpakato, chagua ya USB, lakini hesabu matundu yake. Kifaa kidogo cha USB kinachojitangaza kuwa cha 7.1 huku kikiwa na tundu moja la spika kinaigiza mzunguko kwa ajili ya vipokea sauti vya masikioni.

Kuhusu namba kubwa za sampuli na desibeli, mimi sizipi uzito. Biti 16 na kilohezi 48 zinatosha kwa filamu na michezo. Kilicho muhimu zaidi ni draiva inayofanya kazi na mfumo endeshi ulio nao leo.

Hatua ya 6: Sanidi, kisha jaribu spika mojamoja

Kwenye Windows, bonyeza Windows+R, andika mmsys.cpl ili kufungua dirisha la mipangilio ya sauti, chagua kadi, kisha weka mpangilio wa 5.1 au 7.1, usipofanya hivyo, kadi inaweza kuendelea kutoa chaneli mbili. Kwenye Linux, amri ya speaker-test -c 6 -t wav hutaja jina la kila spika kwa zamu. Kaa mahali unapokaa kila siku na usikilize. Sauti ya spika ya kati ikitokea kwenye sabufa, ikawa nzito kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa, usiirudishe kadi dukani: chaneli hizo mbili zimepishana, na draiva nyingi zina kisanduku cha kuzibadilishana.