Kusafiri kwa Ndege Msimu wa Sikukuu bila Kuhemewa

Msafiri wa msimu wa sikukuu huweza kuchoka kabla hata hajaiona ndege yenyewe. Foleni ni ndefu, nauli zimepanda, watoto wana usingizi, na kila tangazo la kipaza sauti humshtua kwa kuhofia kuwa ni safari yake iliyoahirishwa. Kwa maoni yangu, linaloumiza zaidi ni kukosa nafasi ya kurekebisha mambo yanapoharibika, kuliko hata wingi wa watu. Katika miezi ya kawaida abiria aliyeachwa na ndege hupangiwa nyingine yenye viti vitupu, lakini sikukuu zinapokaribia karibu ndege zote zimejaa, na kuchelewa kwa dakika kumi kunaweza kumgharimu mtu siku mbili. Ndiyo maana kazi ya kujipunguzia msongo wa mawazo huanza siku ya kukata tiketi.

Ukiweza, chagua ndege ya alfajiri. Mara nyingi ndege hiyo imelala papo hapo kiwanjani tangu usiku, ilhali ile ya jioni imekwisha kuzunguka miji kadhaa na kurithi ucheleweshaji wa kila kituo ilikopita. Tena, safari ya asubuhi ikifutwa bado una mchana mzima wa kutafutiwa njia nyingine. Safari ya moja kwa moja nayo inastahili kuongezewa fedha kidogo, kwa sababu kila mahali pa kubadilisha ndege ni mahali pengine pa kuachwa. Kama ni lazima kuunganisha, hakikisha safari zote mbili zimo katika tiketi moja: ukiikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, shirika ndilo litakalokutafutia nyingine. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa nauli hubeba hasara peke yake, na mara nyingi hulazimika kuchukua mizigo yake na kujisajili upya. Na kama unakwenda kwenye harusi au shughuli yenye siku maalumu, panga kufika angalau siku moja kabla.

Hati zikaguliwe wiki kadhaa mapema, wakati ofisi bado zimefunguliwa. Jina lililo kwenye tiketi lifanane na lililo kwenye pasipoti, na pasipoti iwe na muda wa kutosha, kwa kuwa nchi nyingi hutaka ibakiwe na angalau miezi sita. Usisahau kuulizia viza ya kupitia nchi unayobadilishia ndege.

Katika kufungasha, fikiria kwanza meza ya ukaguzi. Viwanja vingi bado vinataka vimiminika vya mzigo wa mkononi viwe katika vyombo visivyozidi mililita 100 kila kimoja, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha vilivyomo, wenye ujazo wa lita moja. Betri ya akiba ya simu haitakiwi katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu ikishika moto huko hakuna wa kuuzima upesi. Ibebe mkononi, na isizidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati ambayo betri huhifadhi) bila idhini ya shirika. Betri ya miliampia-saa 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo haina tatizo. Zawadi usizifunge kwa karatasi za mapambo kabla ya safari, kwani mkaguzi anaweza kulazimika kuzifungua zote mbele yako. Dawa, funguo, hati na nguo za kubadilisha mara moja zikae katika begi la mkononi, kwa kuwa ndivyo vitu ambavyo kukosekana kwake kwa usiku mmoja tu huumiza.

Siku ya safari, jisajili mtandaoni mara huduma inapofunguliwa, ambayo kwa mashirika mengi ni saa 24 kabla ya kuondoka, kisha fika uwanjani saa mbili kabla kwa safari ya ndani na saa tatu kwa safari ya nje. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka; lango hufungwa mapema zaidi, mara nyingi dakika 15 au 20 kabla.

Ndege ikifutwa, usitegemee foleni peke yake. Shika nafasi yako hapo kaunta, na wakati huohuo piga simu ya huduma kwa wateja na ufungue programu ya shirika, kwa maana viti vichache vilivyobaki humwendea anayefika kwanza kwa njia yoyote. Tafuta mwenyewe safari inayokufaa na umtajie mhudumu namba yake. Mtu aliyehudumia mamia ya watu wenye hasira hushukuru kupata ombi lililo wazi na lugha ya upole. Uliza pia haki yako ya chakula na malazi. Safari zinazoanzia katika viwanja vya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinalindwa na kanuni namba 261 ya mwaka 2004.

Ndani ya ndege hewa ni kavu, kwa hiyo kunywa maji kila mara, punguza pombe, na inuka utembee kidogo. Aliye na mtoto mchanga amnyonyeshe au ampe chupa ndege inapoanza kushuka, ambayo mara nyingi ni kama nusu saa kabla ya kutua, kwa kuwa kumeza humzibua masikio.

Sanduku lisipotokea, toa taarifa kabla ya kuondoka katika ukumbi wa mizigo na upewe namba ya kumbukumbu. Picha ya sanduku uliyopiga nyumbani na kile kipande cha karatasi ulichopewa kaunta vitaharakisha utafutaji. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaosimamia safari za ndege za kimataifa, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, kwa hiyo tunza risiti za vitu vyote utakavyolazimika kununua wakati unausubiri.