Kutengeneza alama za vinasaba za sangara wa kufugwa

Tunalenga maikrosatelaiti (sehemu za DNA ambamo herufi chache hujirudia) 12 hadi 15 zinazoonyesha kifaranga ni wa wazazi gani, ili kituo cha kutotolesha kisipandishe ndugu kwa ndugu.

1. Sampuli. Kata kipande cha pezi chenye ukubwa wa ukucha, kila samaki na chupa yake. Tumia ethanoli ya asilimia 95, mara tano ya ujazo wa pezi au zaidi, na uibadilishe kesho yake, maana maji ya nyama huizimua. Fomalini huvunja DNA; iache. Chukua samaki 30 kila ziwa. Sangara, yaani mputa, alipandikizwa Victoria miaka ya 1950, hasa kutoka Albert, kwa hiyo alama isiyo na tofauti Entebbe (Victoria) huenda ikawa na aleli, yaani matoleo ya alama hiyo, nyingi Butiaba (Albert). Lakini Albert ina pia spishi nyingine ya jamii hiyo, Lates macrophthalmus. Ukiwachanganya, hesabu zote zinaharibika.

2. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoshika pande mbili za alama ili inakiliwe. Anza na zilizokwisha kuchapishwa za Lates calcarifer, jamaa yake wa baharini anayefugwa Asia na Australia. Baadhi zitakubali, nyingine hazitaonyesha tofauti. Kupata zako, soma jenomu (DNA yote) ya samaki mmoja na utafute herufi zinazojirudia. Tunapendelea vikundi vya herufi nne, marudio sita au zaidi. Vya herufi mbili hutoa vivuli vinavyopotosha usomaji. Praima iwe na herufi 18 hadi 24, na kipande kinachozalishwa kiwe na herufi kati ya 100 na 300.

3. PCR, yaani kuzidisha nakala za kipande cha DNA. Mikrolita 10: DNA nanogramu 20, kila praima mikromola 0.2, magnesi milimola 2. Nyuzi 95 dakika 3. Mizunguko 35, kila mmoja sekunde 30 kwa nyuzi 95, 30 kwa 57 na 30 kwa 72. Kisha 72 dakika 10. Jaribu samaki wanane kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 2. Mistari ikizidi, panda kutoka nyuzi 57 hadi 59. Isipoonekana kabisa, zimua DNA mara kumi kwanza: mara nyingi ni uchafu unaozuia kimeng'enya.

4. Aleli zilizojificha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Herufi ikibadilika mahali praima inaposhika, aleli hiyo haizalishwi, na samaki mwenye aleli mbili husomeka kama ana moja. Mzazi halali atakataliwa. Dalili ni upungufu wa samaki wenye aleli mbili kwenye alama moja tu. Upungufu ukiwa kwenye alama zote, kagua sampuli, huenda umechanganya makundi. Thibitisha kwa familia: baba, mama na vifaranga 20 au zaidi. Kifaranga akikosa aleli ya mzazi mmoja, sogeza praima mbali kidogo na marudio, upime familia ileile tena.