Somo: Kumfundisha mtoto baiskeli, nini kikatwe na nini kiachwe kizima

Kabla ya kufundisha kitendo chochote cha mwili, tazama sehemu zake zimeshikana kiasi gani. Kuruka mara tatu kwa riadha kunakatika vizuri, yaani unaweza kufundisha sehemu moja moja, maana mruko mmoja huisha ndipo mwingine uanze. Baiskeli haikatiki hivyo. Ikilalia kushoto, mikono hupeleka usukani kushoto, magurudumu yanarudi chini ya mwili. Mizani, yaani kukaa bila kuanguka, na usukani ni kitu kimoja, ukivitenganisha hakuna kinachobaki cha kujifunza.

Ndiyo maana nawasihi wazazi waachane na vigurudumu vya pembeni. Mtoto ananyonga vizuri kabisa, ila baiskeli haiwezi kulala, kwa hiyo mizani haijui. Siku ukivitoa anaanza upya, tena kwa woga. Cha kuweka kando ni kunyonga.

1. Toa pedeli zote mbili. Nyingi hufunguka kwa spana ya milimita 15. Ya kulia zungusha kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto hesi zake zimegeuzwa, inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ukilazimisha kinyume, unaikaza zaidi.

2. Shusha kiti mpaka nyayo zote zilale chini.

3. Atembee akiwa amekaa, macho mbele. Mwonyeshe breki mapema. Hatua zikirefuka, mpeleke kwenye mteremko mdogo pasipopita magari, anyanyue miguu. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo baiskeli yote inapojifunziwa.

4. Akiserereka mpaka uhesabu tano bila kugusa chini, na akarudia mara kadhaa, rudisha pedeli. Moja iwe juu, mbele kidogo, aikanyage.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tuna baiskeli moja tu, kubwa ya baba. Miguu haifiki chini.*

Asimame upande wa kushoto, mguu wa kushoto juu ya pedeli iliyo chini, wa kulia usukume ardhi. Watoto wa vijijini wamejifunza hivyo miaka yote, na ni njia ileile: mizani na usukani pamoja, kunyonga baadaye.

*Kocha, nafundisha voliboli. Seva, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, niikate, kurusha mpira peke yake na kupiga peke yake?*

Mimi sikati. Mkono unaopiga unaufuata mpira uliorushwa, na muda wao ni mmoja. Rahisisha badala ya kukata: badala ya mita 9 kutoka wavuni, aanzie kwenye mstari wa mita 3, apige seva nzima, kisha arudi nyuma kidogo kidogo.

*Mwanangu ana miaka 7, siku ya tatu leo na hataki kunyanyua miguu. Nashika usukani lakini wapi.*

Pole mama. Uachie usukani, maana ukiushika wewe, mikono yake haina la kujifunza. Rudini kwenye tambarare, kiti kishuke tena kama kinashuka. Tembea nyuma yake, mikono yako kwapani mwake, umguse tu pale anapoanguka.